Mpira ya Chuma Hairuki Kwa Matope

Hapana, ngoja. Usiniambie ati chuma ni chuma, itaruka popote. Wewe umeshawahi kuangusha chuma kwa matope? Basi nyamaza kwanza. Kuna jamaa mwingine aliniambia hivyo hivyo, na nusura nimrushie meza.

Meza yenyewe ni pliwudi mbili juu ya mapipa ya mafuta, nyuma ya karakana ya welding pale Kisian. Kila Jumapili tukitoka kanisa tulikuwa tunakutana watu watano, tunapigana vita za Ulaya za miaka mia tatu iliyopita, na wanajeshi wadogo urefu wa kidole. Ukitaka kucheka, cheka umalize. Hao wanajeshi walitengenezwa na rafiki yangu, mwenye karakana. Alikuwa anayeyusha zile risasi za kuzamisha nyavu, anamwaga kwa kalibu, mmoja mmoja. Mizinga alichonga kutoka kwa mabomba kuukuu ya maji. Na sheria za mchezo aliandika yeye, kwa daftari ya shule, miaka miwili nzima, akisoma kwa simu yenye kioo imepasuka. Mimi shule iliniacha kidato cha pili. Kila kitu najua kuhusu mizinga, yeye ndiye alinifundisha.

Sheria zake hata mtoto ataelewa. Adui akiwa karibu, chini ya sentimita ishirini, unapiga risasi za mkebe: mkebe imejaa vyuma vidogo, inapasuka ikitoka tu kwa mdomo ya mzinga, inafagia kila mtu. Akiwa mbali, unapiga mpira ya chuma. Hiyo hailipuki. Inaanguka kwa sitini, inaruka, inagonga tena kwa tisini, inaruka, inakufa kwa mia moja na kumi. Yeyote inayempata njiani, inakwenda na mguu yake. Lakini ikiangukia pale tumepaka rangi ya matope, inakufa hapo hapo. Huo mstari aliuandika na kalamu nyekundu.

Sasa huyu jamaa. Anafundisha kompyuta mjini, viatu safi, mdomo mrefu. Siku hiyo akapiga mzinga, mpira ikaanguka kwa matope, mbele ya farasi wangu. Akachukua futi ya kupimia, anaivuta mpaka mia moja na kumi, anaanza kuangusha watu wangu.

"Simamisha hao tena," nikamwambia. "Imeangukia matope."

Akatoa karatasi ya sheria za mtandaoni, ameprinti kwa duka la saiba, na picha za rangi. "Hapa inasema mia moja na kumi. Haisemi matope."

"Sisi tunatumia daftari."

"Daftari ya nani? Ya fundi wa mageti?"

Nilisimama mpaka kiti ikaanguka. Na aliyetukanwa ndiye ananivuta shati! "Omera, ndugu yangu, kaa chini," rafiki yangu ananiambia. Sikukaa. Tukakubaliana mbele ya wote: tutaenda kupima. Mpira ikiruka kwa matope, daftari inaenda kuwasha jiko. Ikizama, karatasi ndiyo inaenda.

Jumapili iliyofuata tukaenda Usenge, kwa sababu dada ya mama yangu anaanika omena huko, wale dagaa wa ziwa, na mchanga kavu na matope ziko jirani. Rafiki yangu alikuwa amechomelea manati kubwa ya chuma, na mpira ya tyubu ya lori. Tukaweka chuma ya duara ya bering, tukailenga chini chini kwa mchanga mgumu. Ikaruka mara moja. Ikaruka mara mbili. Mara ya tatu ikaingia katikati ya omena ya mama mmoja, ikazirusha juu kama maharagwe.

"Nyathini! Wewe mtoto!" akapiga kelele, mwiko mkononi. "Hiyo omena imekufa jana! Unaiua tena ya nini?"

"Pole mama, tunapima vita."

"Vita? Kapimie kwa mama yako!"

Tukaokota zake zote, moja moja. Halafu tukageuza manati upande wa matope, pale mashua huvutwa. Tukaachilia. Tup! Shimo, basi. Mwalimu mwenyewe akatumbukiza mkono mpaka kiwiko kuitafuta, na shati yake nyeupe. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu.

Umesikia? Imezama. Tumeshinda. Turudi nyumbani.

Lakini tulipofika kwa meza, huyu mtu anaosha mkono na anaongea. "Sawa, imezama. Lakini watu wa Eldoret wanakuja kucheza na sisi, na wao wanatumia karatasi hii. Mgeni atasoma hati ya huyu? Tupige kura."

"Kura ya nini?" nikamuuliza. "Tulikubaliana! Wewe ni mwanaume ama ni bendera?"

Wakapiga tu. Wale wengine wawili ni ndugu, wana duka la kinyozi hapo barabarani. Yule mkubwa akaenda na karatasi. Yule mdogo akabaki na mimi. Mbili kwa mbili. Amebaki mwenye daftari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumcheka mwalimu.

Rafiki yangu akainua mkono. Wa karatasi.

Nilidhani hajaelewa. Nikamwambia, "Buda, ni yako hiyo! Imezama, umeona na macho!"

"Nimeona," akasema. Hakuniangalia. "Lakini kila Jumapili ni kelele, omera. Yake na yako. Mimi nataka kucheza tu."

Yangu! Mimi niliyekuwa nampigania!

Nikachukua daftari kwa meza, nikaenda. Hakuna mtu alinizuia. Naambiwa siku hizi mpira zinaruka kwa matope kila Jumapili na watu wanapiga makofi. Jana amenitumia ujumbe: njoo, mzinga yako iko, watu wa Eldoret wanafika. Sijajibu. Mimi nilimtetea mpaka nikachukiwa na mama wa omena nisiyemjua, na yeye akajiangusha mwenyewe kwa mkono wake.

Wewe ungerudi kwa hiyo meza?