Programu Iliyozidisha Salamu

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, wingu zito limetanda juu ya Kaisho na wakulima wamepanga magunia uwanjani, wananisubiri mimi. Mimi, kijana wa Bweranyange ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinasitasita! Kahawa isiyopimwa haikuingia ghalani, na karani hakuweza kupima mpaka aingie kwenye programu niliyoitunga. Programu ilikuwa imegoma kumpokea mtu yeyote. Mvua ingewahi, kahawa ile iliyokaushwa kwa jasho ingelowa na kuharibika.

Nilikuwa na Mama Kokugonza, mkuu wetu wa kompyuta pale kwenye ushirika wa wakulima nilikofanya kazi, mama wa Kituntu mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo.

"Shikamoo mama. Saraka imeelemewa. Tuombe seva kubwa zaidi."

Saraka, kama hujakutana nayo, ndiyo inayotunza majina na nywila za watumishi wote, ndani ya mashine iitwayo seva. Programu huiuliza huyu ni nani, anaruhusiwa kufanya nini.

"Marahaba. Kwanza nione unavyoongea nayo."

Akasoma kazi yangu, akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwa kila swali, hata dogo, programu ilifungua muunganisho mpya, ikajitambulisha upya, ikauliza, kisha ikaondoka bila kuufunga. Saraka ikajaa miunganisho isiyo na kazi, na makarani wakakosa nafasi.

"Wewe mtoto," akasema, "ukienda kwa baba mkwe na maswali matatu, unaamkia, unauliza moja, unatoka, halafu unarudi kuamkia upya? Na salamu zetu Wanyambo zilivyo ndefu! Tena huagi?"

Niliona haya, lakini kicheko kilinishinda. Tukaandika upya palepale, huku ngurumo zikitukimbiza. Programu ikiwaka, ifungue miunganisho michache na kuiweka tayari. Sehemu ya programu yenye haja iazime mmoja, iulize yote kwa pamoja, irudishe. Tulipoiwasha, karani aliingia mara moja, uwanja mzima ukapiga vigelegele. Nami nikabeba magunia kama kibarua, shati likachafuka, nikiwa na furaha ambayo siwezi kukueleza.

Basi mwanangu, usikimbilie kuomba mashine kubwa kabla hujatazama unavyoitumia uliyonayo. Muunganisho wa saraka ni wa kuazima: ukimaliza, urudishe, hata kama swali lako limeshindikana, maana hapo ndipo vijana wengi husahau. Uliokaa bure muda mrefu, ufunge. Na kila unapoandika, mkumbuke mtu aliyesimama uwanjani anatazama mawingu, asiyejua saraka ni nini wala hana haja ya kujua.

Mungu aibariki mikono yako, na akujalie mkuu atakayekucheka usoni, kisha avute kiti akae nawe mpaka kazi iishe.