Nyumba ya Boloni

Ulikuwa ule mwaka wadudu weupe walipokunja majani ya muhogo. Sombe ikakosekana Kalemie nzima, tukala matembele asubuhi, matembele mchana, na ndakala, dagaa wa kwetu, wakavu juu yake mpaka paka wenyewe wakachoka. Ukimuuliza mtu wa umri wangu, tarehe hatakuambia. Atakuambia: mwaka wa matembele. Basi mwaka huo ndio mwanangu wa kwanza aliponiletea nyumba juu ya lori.

Nasema juu ya lori. Si pesa ya kujengea, si mabati. Nyumba yenyewe, imefunguliwa vipande vipande na kufungwa kamba kama kuku wa soko.

Mwanangu alikuwa akifanya kazi Bendera, kule kwenye mtambo wa maji unaotutolea umeme. Walikuwapo wageni waliokuja kutengeneza nguzo za waya. Walipomaliza wakarudi kwao, na vijumba walimokuwa wakilala vikauzwa kwa wafanyakazi. Mwanangu akauza pikipiki yake, akanunua kimoja.

Nikamwambia, "Pikipiki umeitupa?"

"Mama, pesa ya siku hizi inaoza mufukoni kama samaki. Afazali igeuke ukuta."

Hapo alisema kweli. Pesa za zaire ulizopokea asubuhi, jioni hazikutosha chumvi.

Nyumba nilikuwa nayo. Vyumba vinne vya matofali ya udongo, mabati juu. Marehemu mume wangu aliijenga jioni akitoka kazini kwenye reli, na udongo niliukanyaga mimi kwa miguu hii, nikiwa na mimba ya huyohuyo wa lori. Lakini watoto walikuwa wamekwenda, mmoja Bendera, mmoja Lubumbashi, wasichana wawili wameolewa huko Moba. Wajukuu kumi na mmoja, wote wazuri, wote mbali. Katika vyumba vinne tulibaki mimi na popo. Kuta zilikuwa zimepasuka, upepo wa ziwa ukiingia bila kubisha hodi.

"Mama, nyumba ndogo inatosha muntu mumoja," mwanangu alisema. "Mchana haipati joto, usiku wa kiangazi haiingii baridi, na taa moja inaangaza yote."

Nikakubali. Tukapatana kwamba mvua zikiisha atakuja kubomoa nyumba ya zamani, achukue mabati akaezeke yake huko Bendera.

Kwanza ilitaka sakafu pale uani, kando ya nyumba ya zamani, maana nyumba ile haisimami juu ya udongo. Simenti ya Kabimba ikala pesa kuliko lori. Halafu vipande vikasimamishwa, kila kimoja kina namba yake ya rangi nyekundu, vikakazwa kwa boloni na spana. Siku mbili tu, nyumba imesimama. Nje bati jeupe, ndani ubao, na katikati pamba ya njano. Nilitia mkono kuipapasa, nikajikuna mpaka jioni. "Hiyo pamba njo inazuia joto," mwanangu akacheka. Kipande kimoja kilivunjika pembe njiani, na kingine cha kukibadilisha hakikupatikana popote. Nyumba ya udongo ikipata kidonda naitibu mwenyewe na ndoo ya tope. Ile ya bati, dawa yake ilikuwa Ulaya.

Sasa niseme juu ya jirani yangu. Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini, alikaa mwanamke wa rika langu, muuza ndakala. Tuliolewa mtaa ule mwaka mmoja. Kila alfajiri, kabla hajafungua mlango, alipiga kelele kutoka kitandani:

"Weye! Umekufa?"

"Bado! Na weye?"

"Mimi nangojea utangulie, nikule matanga yako!"

Ndipo tuliamka. Miaka yote ile, hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa akifunika kichwa na shuka akisema hawa wanawake wana wazimu.

Alipoiona nyumba nyeupe, alishika kiuno. "Eh, mama! Wamekuletea frigo! Utaganda humo kama sangala."

"Wivu huo," nikamjibu.

Mtaa wote ukaniita Mama Frigo. Sikukasirika. Nilikuwa na majivuno, sifichi. Nilipangusa kuta na kitambaa kama mtu anayeogesha mtoto. Na nyumba ilikuwa nzuri kweli. Mchana mabati ya wengine yakichemka, mimi nalala. Usiku wa mvua blanketi moja likatosha. Kufagia kunakwisha kabla ya kumaliza Baba Yetu. Ila mbabula ya makaa haikuruhusiwa ndani, kwa sababu hewa haikuwa na pa kutokea. Nikapika nje, nikaingia, nikafunga mlango. Mimi mtu wa milima ya Kirungu nimekulia kando ya moto. Kukaa ndani bila moto ni kama kukaa na mtu asiyesema.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimekufa. Hakuna jogoo, hakuna mchi, hakuna baiskeli za samaki. Nikajiambia: haya ndiyo mapumziko.

Siku chache baadaye jirani alinikuta kwenye bomba la maji. "Siku hizi unajibu wazungu tu?"

"Sikukusikia."

"Humm."

"Haki ya Mungu. Kuja basi ndani tukae."

Alikuja, akasimama mlangoni, akatazama kitanda changu na kiti kimoja. "Nitakaa wapi? Kitandani mwako, kama bwana?" Tukacheka. Hakurudi.

Kwetu hapa, mtu akifa, jirani haitwi. Kutuma mtu kwenda kumwita jirani wa karibu ni tusi, kama kusema hajali. Kilio ndicho kinachoita. Ukikisikia unatoka kama ulivyo, kichwa wazi, na wewe wa karibu ndiye wa kwanza kumshika maiti, kumfunga kidevu, kumnyoosha mikono kabla haijakauka.

Siku hiyo nilifungua mlango, jua limeshapanda. Nilikuwa na fagio mkononi. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamekaa chini, vitenge vimefungwa viunoni, na wanaume wanasimamisha miti ya kivuli. Nikavuka na fagio langu, nikauliza, "Kuna nini?"

Niliuliza! Mimi, wa hatua thelathini.

Binti wa jirani yangu aliinua macho yaliyovimba. "Mama, tunalia tangu jogoo. Watu wa kule gare ya treni wamesikia, wamekuja."

Akaongeza, polepole, hata hakuwa na hasira: "Na yeye mwenyewe, kabla hajakata roho, alikuita. Alisema, muulizeni kama amekufa. Akaita tena. Tukamwambia, Mama wa ng'ambo amelala."

Hakuna aliyenifukuza. Walinipa mahali, nyuma, karibu na masufuria, pale wanapokaa watu waliotoka mbali. Kidevu chake kilikuwa kimefungwa na mwanamke aliyehamia mtaani mwaka uliotangulia.

Baada ya maziko nilikunja mkeka wangu, nikarudi kwenye nyumba ya udongo. Nilifagia mavi ya popo siku nzima.

Mvua zilipoisha mwanangu akafika na nyundo na wanaume wawili wa kubomoa. Akanikuta nimekaa mlangoni, katikati, miguu nimeinyoosha.

"Mama, toka basi, mabati yashuke."

"Hayashuki."

"Umerogwa? Nani amekuambia nini?"

"Nyumba yenye haisikii kilio, miye silali ndani."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, maana nimemlea vizuri. Halafu akasema atakata dirisha kubwa. Tulijua wote wawili: ukikata ukuta ule pamba inamwagika, joto linaingia, na umebaki na bati. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, pikipiki yangu."

Hiyo iliniuma. Inaniuma mpaka leo. Nikampikia matembele, akala, akaenda kulala kwenye frigo. Asubuhi akapanda lori bila bati hata moja.

Sasa naamka kabla ya jogoo. Nasikia yote: panya, michi, baiskeli, mpaka ziwa likipiga mawe. Ng'ambo wamepanga vijana wawili waliooana juzi. Wananiamkia vizuri wakinikuta barabarani, lakini asubuhi hawaiti. Nalala macho wazi kitandani, nangojea mtu aniulize kama nimekufa. Siku moja niliita mimi. Nani ajibu?

Juzi dereva wa lori la Bendera alisimama mlangoni, injini inanguruma.

"Mama, mutoto wako anauliza kama umegeuza roho. Nyumba imekaa bure, inaanza kushika kutu. Anasema ataweka dirisha, na mulango wa pili. Kama hutaki, aiuze."

"Aiuze, apate pikipiki. Kwangu, mwambie vilevile nilivyomwambia."

"Vipi, Mama? Mimi sikukuwapo."

"Nyumba yenye haisikii kilio, miye silali ndani."