Uso wangu unapanda mlima, mimi nimeambiwa nibaki

Admin, ficha jina langu, na la binti yangu pia. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, ninaishi Malaba. Ninaandika haya kwa mkono wangu, kwa hivyo msiseme kuna mtu amenichochea.

Malaba si kwetu. Nilizaliwa na kuolewa kwenye mteremko wa Mlima Elgon, tukafukuzwa huko wakati wa fujo za ardhi, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Muda mfupi kabla ya kukimbia nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, kijana aliyeondoka na surua. Saruji hatukuwa nayo. Mume wangu alibeba jiwe langu la kusagia wimbi, yaani ulezi, akalilaza juu ya kaburi, ili fisi wasifukue, na ili mimi nipajue. Leo pale ni msitu, huingii bila kibali na kiongozi wa njia. Asubuhi zikiwa safi, kabla moshi wa malori haujapanda, ninauona mlima nikiwa mlangoni. Ninauona tu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni mtu wa Butula mwenye duka hapa mjini. Mwaka huu yeye na wenzake wameandaa matembezi ya hisani, kupanda na kushuka siku moja, ili wajenge darasa la watoto wa familia zilizofukuzwa kama yetu. Kazi nzuri, siikatai. Binti yangu alikuja akanipiga picha, akasema ni ya kumbukumbu. Baadaye nikaiona sokoni kwenye vifua vya watu. Walikuwa wameichapa kwenye tisheti za matembezi, uso wangu wote, mikunjo na yote, na chini yake maneno "Tunapanda kwa ajili yake."

Nilikasirika, kisha nikapoa. Nikajiambia, kama wanapanda kwa ajili yangu, basi nitapanda nao. Nikaanza mazoezi. Kiongozi wa njia alikuwa amewaambia wavae viatu vyao vipya nyumbani kwanza na wakate kucha za miguu. Nikafuata hayo yote. Kila asubuhi nilizunguka uwanja wa kanisa na fimbo yangu, wanakwaya wakinicheka.

Halafu binti yangu akanionyesha picha kwenye simu. Mumewe alikuwa ametangulia na kiongozi kukagua njia. Ameketi juu ya jiwe mahali palipo wazi msituni, anakula ndizi, na ameandika: "Hapa ndipo tutakula lanchi na kucheza muziki." Nililijua lile jiwe kabla sijavaa miwani. Shimo lake la katikati nililichimba mimi kwa kusaga. Mkwe wangu alikuwa amelikalia kaburi la shemeji yake.

Nilimtuma binti yangu amweleze. Jioni mkwe wangu akaja mwenyewe. Kwetu na kwao Butula, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani. Akasimama nje ya ua, uso kando, kama heshima inavyotaka. Mimi nikabaki mlangoni.

"Mama, mko salama? Nimesikia unafanya mazoezi."

"Umesikia kweli."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwangu."

Akacheka. "Kwako ni hapa. Kule ni msitu. Na mila je? Tupande njia moja mimi na wewe, uteleze, nikushike wapi? Watu wa Butula watanionaje?"

"Wanakuonaje sasa, ukiwa umenivaa kifuani?"

Jirani yangu anayeuza dagaa wa omena akaangua kicheko upande wa pili wa ua. "Boss, hapo amekupata! Mama mkwe yuko kwa titi!"

Nilimwona akijitazama. Naapa hakuwa amewahi kulifikiria. Aliikumbuka mila miguu yangu ilipotaka kwenda, akaisahau alipovaa tisheti. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu, akageuka akanitazama usoni.

"Sikia wewe mzee. Kazi yako ilikuwa picha, na tumeshapata. Jumamosi utakuja stejini, pale basi la kwenda mlimani linapopakia watu, utapunga mkono tukupige nyingine, halafu urudi ulale."

"Na kaburi la mtoto wangu?"

"Mawe ni mengi huko juu. Kila jiwe likiwa mtoto wa mtu, sisi tutakalia nini?" Akaanza kwenda, akarudi. "Na ukikanyaga ngazi ya lile basi, binti yako nakurudishia jioni hiyo hiyo. Watoto wanabaki kwangu."

Simpendi mkwe wangu. Nimelisema sasa, na sitalifuta.

Binti yangu alikuja kulia kwangu. "Mama, acha tu. Mimi nikifika nitalifunika jiwe na leso, wataona aibu watakula kando." Hataweza. Akizungumza na mumewe habari za chakula cha jioni tu sauti inatetemeka. Na kaka yake hakuwahi kumwona, alizaliwa tukiwa tayari huku. Nikimweleza kaburi liko wapi, anatingisha kichwa kama mtoto anayesikiliza hesabu ngumu.

Nina mtoto mmoja chini ya jiwe na mmoja chini ya mtu huyu. Nikimfuata yule aliyekufa, huyu aliye hai anapoteza watoto wake. Nikinyamaza, watu waliovaa uso wangu watamchezea mwanangu juu ya kichwa, na magoti yangu hayatangoja matembezi mengine.

Jana wameniletea tisheti, saizi yangu kabisa, niivae siku ya kupunga mkono. Nimeikunja kwenye mkoba pamoja na maji, koti la mvua na punje za wimbi za kuweka juu ya lile jiwe. Jumamosi nitakuwa pale stejini, mlango wa basi ukiwa wazi mbele yangu.

Ninyi mlio wazazi, na ninyi mlio wakwe za watu, nishaurini: nipunge mkono, au nipande?