Kadi ya Kliniki ya Mdogo Wangu

Harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe ya Igogo, Mwanza, ilituingia hadi kwenye madaftari. Tuliishi pale familia nne tuliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, katika nyumba moja ya kupanga yenye choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Nilikuwa na miaka kumi, na kwetu ni mimi peke yangu niliyejua kusoma Kiswahili, kwa hiyo nilijiona mkubwa kuliko wote. Kila karatasi ilipita mikononi mwangu kwanza.

Pale uani kupima virusi vya UKIMWI ilikuwa kazi ya wanawake. Mjamzito alipimwa kliniki, na majibu yake yakahesabiwa kuwa ya mumewe pia, mradi yawe mazuri. Yakiwa mabaya yalikuwa yake peke yake. Wanaume walisema ameyatoa msituni, kwa askari, wakati wa kukimbia. Wanawake wawili walikuwa wameshafungashiwa virago kwa maneno hayo, na waume zao walibaki wakicheza bao, wazima kabisa kwa macho.

Msimu ule wa mvua mama, mwenye mimba ya tatu, alirudi kutoka kliniki na majibu mabaya, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Baba hakumpa hata pole. Kesho yake aliita kikao, mchana kweupe, mbele ya Mama Koku, mwenye nyumba wetu, Mhaya ambaye hata walevi walimwogopa.

"Huyu alikaa msituni siku tatu," baba alisema. "Mimi nilipita barabarani. Alichokipata huko aondoke nacho."

Mama aliinamisha uso. Yaliyompata msituni hakuwahi kuyasimulia, na sasa mume wake alikuwa akiyamwaga mbele ya majirani. Kisha nikaikumbuka kadi. Mdogo wangu Anicet alizaliwa hapa hapa Mwanza, miaka miwili baada ya sisi kufika, na kadi ya kliniki ya mimba yake nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwa kujifunzia. Nikaichomoa chini ya godoro.

"Shikamoo, Mama Koku," nilisema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. "Hapa wameandika mama hana maambukizi. Na tulikuwa tumeshahamia hapa."

Aliisoma mara mbili, akamgeukia baba. "Baba Donata, hapa Igogo kuna msitu gani?"

Baba aliahidi kwenda kupima kesho yake. Asubuhi alipanda boti ya visiwani, na hadi leo hajarudi.

Mama yu hai, anameza dawa zake na kuuza vitenge Mabatini. Yule mtoto wa tatu alizaliwa mzima, na sasa amenipita urefu. Siku zote nilidhani mambo yale yalikuwa ya uani kwetu tu, ya watu waliovurugwa na vita. Sasa naishi Pasiansi, nina mimba ya kwanza, na mume wangu ni mwalimu wa sekondari ambaye hajawahi kusikia mlio wa risasi. Juzi nilimwambia kwamba nesi anataka na yeye aende kupima. Alicheka kwa upole, akanishika bega.

"Ya nini, mke wangu? Si umeshapima wewe?"

Nilirudi kukoroga mboga. Jana niliiweka kadi yangu pembeni ya sahani yake. Alikula, akanawa, akaenda kazini. Kadi iko palepale.