Sabuni Kwenye Bomba la Breki

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka mguu wangu wa kulia unajikaza wenyewe, hata nikiwa nimekaa kwenye kiti hapa nyumbani. Wajukuu wananicheka. Waache wacheke, wao hawakuwemo kwenye lile lori.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila aliyepata gari akaanza kubeba mahindi na alizeti. Magari mapya tulikuwa tunayasikia tu, kwa hiyo sisi mafundi wa hapa Chang'ombe yetu ya bara, si ile ya Dar es Salaam, tulifufua makuukuu. Bwana Rajabu, Mrangi wa Busi, huko mbele ya Kondoa, aliniletea lori la zamani lililolala miaka mingi kwenye majani. Chesisi, ile fremu ya chini, ilikuwa ya lori lenyewe, kichwa tukakitoa kwenye lori jingine, na injini kwenye la tatu. Nililiunganisha kwa miezi minne, na lilipendeza, usiseme. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na maneno mengi. Nikamwambia Rajabu mbele za watu kwamba Ijumaa kazi imekwisha, Jumamosi anaondoka nalo.

Yakabaki mabomba ya breki. Niliyakata, nikayakunja kufuata chesisi, kisha nikapanua mdomo wa kila bomba ili nati ikikazwa mafuta yasipenye. La mwisho, lile la kwenda magurudumu ya nyuma, nililipanua kwa pupa na mdomo wake ukapasuka. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele. Bomba jingine sikuwa nalo, lingetoka Dar es Salaam, labda wiki inayofuata. Na breki za lori lile zilikuwa za njia moja, yaani likivuja bomba moja, magurudumu yote yanakosa breki.

Sasa, fundi wa enzi zile tangi la dizeli likimvujia alifanyaje? Alipaka sabuni ya mche, ikaziba, gari likafika. Nami nikasugua sabuni kwenye ule ufa, nikazungusha uzi, nikakaza nati mpaka mishipa ikanitoka. Nikakanyaga pedali, ikasimama ngumu. Sabuni kwenye breki, mwanangu! Kwenye tangi mafuta yametulia tu, lakini kwenye breki yanasukumwa na mguu wa dereva kwa nguvu zote. Nilijua hilo vizuri kabisa, ndiyo maana nikaifuta sabuni iliyobaki pembeni isionekane.

Gereji yetu ilikuwa na desturi yake: aliyefunga breki ndiye anayepanda gari safari ya kwanza. Asubuhi ya Jumamosi sikuwa na pa kukimbilia. Rajabu akashika usukani, mama yake, Bi Mwajuma, akakaa katikati, mimi nikakaa mlangoni. Nyuma, juu ya magunia ya chumvi, walikaa watu kumi na mmoja waliokuwa wanarudi kwao Busi, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni.

Huko tambarare mambo yalikuwa shwari, ila mimi sikuiona hata nyumba moja njiani. Nilikuwa natazama mguu wa Rajabu. Nilimwamkia Bi Mwajuma shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa, naye akacheka, akaniambia kwamba tangu mumewe afe kwenye ajali hajawahi kupanda gari bila kuogopa, lakini leo moyo wake umetulia kwa sababu fundi mwenyewe yumo. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipoipita Kondoa nikaona Rajabu anakanyaga breki mara mbili ndipo gari linapunguza. Baadaye mara tatu. Yeye alikuwa anaongea habari za mavuno, wala hakuona. Mimi niliona, na jasho likanishuka mpaka kiunoni. Nilijua mbele kuna mteremko mrefu, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Na bado nilinyamaza. Nakwambia ukweli ambao sijapenda kuusema: niliogopa aibu kuliko kifo, na kifo chenyewe hakikuwa changu peke yangu. Kule nyuma yule mtoto akaanza kulia.

Ule mlio ndio ulionifungua kinywa. Nikasema, "Rajabu, simama. Tumia gia. Breki sikuzifunga sawasawa."

Alidhani namtania. Akakanyaga, pedali ikazama mpaka chini. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Akarudisha gia, ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele, akaliegemeza lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwaruza, likakwaruza, likasimama. Mteremko ulikuwa unaanza hatua chache mbele yetu.

Watu walishuka, wazima wote. Gurudumu la nyuma lilikuwa limelowa mafuta ya breki. Rajabu alikaa chini. Aliyeniuliza ni mama yake, tena polepole.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana, mama."

"Tangu jana," akasema. "Na mimi ukaniacha nikushukuru."

Akajitwisha kifurushi chake, akaushuka ule mteremko kwa miguu pamoja na wenzake. Nililala chini ya lori lile siku nne mpaka bomba jipya likafika. Rajabu tulisalimiana vizuri maisha yote, lakini gari lake hakunipa tena nilishike, na alifanya haki.

Basi sikiliza. Kupasua bomba si dhambi, nimepasua mengi baada ya hapo. Ukikosea kazi, sema siku ileile, gari likiwa bado juu ya mawe, mbele ya mwenye nalo, hata kama watu wanasikiliza na uso unakuwaka. Aibu utaimaliza kwa wiki moja. Watu waliokuamini wakikupandia gari, wewe ukanyamaza, hofu yake haitakwisha. Mimi mzee huyu ni shahidi. Nenda kazini, mwanangu. Mungu akuepushe na makosa, na usipoepuka, akupe ujasiri wa kuyasema mapema.