Klachi ya Winfried Pütz

Winfried Pütz aliezeka mapaa ya mawe meusi ya mji wetu, Adenau, tangu ujana wake hadi alipostaafu, na paa la nyumba yetu ni kazi ya mikono yake. Alikuwa na BMW nyekundu kuukuu. Jumamosi ilibeba mikate na viazi, na siku za kazi ilimpeleka mjukuu wake kwenye shule ya watoto wadogo. Jumapili iliingia Ring, barabara ya mbio inayopita msituni, pamoja na magari ya wageni waliosafiri siku nzima ili waendeshe mle msituni mara mbili tatu tu. Gerlinde, mkewe, alikuwa akitoa kiti cha mtoto huku Winfried akibadilisha matairi, na gari la familia likawa gari la mbio kabla kahawa haijapoa.

Miaka yote hiyo alitamani klachi nyepesi ya mbio. Kila alipokaribia kuinunua, jambo lingine lilitangulia: masomo ya binti yao, kisha harusi ya binti huyohuyo. Mwaka huu klachi ya kawaida iliungua akiwa Ring, kwenye kona wanapojaa watazamaji. Alivutwa kwa kamba hadi gereji huku watu wakimpigia makofi, naye akawapungia mkono. Alionekana kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuinunua ile nyepesi.

Heribert, mwenye gereji, alikuwa rafiki yake tangu shuleni. Aliwawekea Winfried na Gerlinde klachi mbili mezani.

"Hii ni laini," akasema. "Nzito kidogo, lakini inasamehe. Ukiiachia polepole, inashika polepole. Shemeji ataenda nayo dukani bila kutukana mtu."

"Mimi simtukani mtu," akasema Gerlinde.

"Mwaka jana uliniita mbuzi."

"Nilikuwa nakusifu."

Winfried hakuwasikiliza. Alikwisha kuichukua ile ya pili na kuigeuzageuza viganjani. Ilikuwa ndogo kama kisahani cha keki.

"Na hii, fundi?"

"Ukifunga hiyo, injini inaruka ukiigusa tu. Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Ila haina katikati, mzee. Ama imeshika, ama haikushika. Mguu ukichelewa juu ya pedali inaungua upesi, na kwenye Ring haitakufia mahali utakapochagua wewe."

"Mimi na mguu wangu tunajuana."

Heribert aliinua pleti ya ile klachi ya zamani, iliyoungua, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Utani ulikuwa umemtoka.

"Hii haikuuawa na mlima, Winfried. Imekwisha kama ya mtu anayeendesha huku mguu umelala juu ya klachi."

"Ilikuwa mbovu tangu ulipoifunga."

"Haya. Basi kaa."

Kila mtu hapa anajua maana ya neno hilo. Heribert hamfungii mtu klachi ya mbio kabla hajamkalisha kwenye gari lake yeye fundi, lenye klachi kama hiyo, akamsimamia mbele na mkono juu mfano wa taa za barabarani. Mkono ukiwa juu, unakanyaga. Ukishuka, unaachia. Vijana wengi kutoka Uholanzi wametoka mle mapaja yakitetemeka, nasi tumewacheka.

Winfried alikaa, injini ikiwa imezimwa. Wanaume wawili waliokuja kuchukua matairi yao walisogea mlangoni kutazama.

Heribert aliinua mkono. Winfried alikanyaga bila shida, maana paja lake lilikuwa limepanda ngazi maisha yake yote. Mkono ukashuka.

"Achia."

"Nimeachia."

"Achia, mzee."

"Si nimeshaachia! Unataka nini, nikung'olee pedali?"

Wale wa mlangoni walicheka. Gerlinde alifungua mlango wa gari, akainama. Mguu wa kushoto wa mumewe ulikuwa bado juu ya pedali, umeididimiza nusu, umetulia kama mtu aliyesinzia. Aliuwekea mkono juu ya kiatu, akaubana. Winfried aliendelea kumkodolea macho Heribert, akingoja jibu. Hakuhisi kitu.

Kisha akatazama chini, akauona mkono wa mkewe.

"Tangu lini?" Gerlinde aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu majira ya baridi. Ni hii sukari, mguu unakufa ganzi. Nilidhani ni viatu vipya."

"Na mjukuu anakaa nyuma."

"Najua."

"Kila siku, Winfried."

"Najua, mke wangu."

Heribert aliwageukia wale wanaume, akawaambia waende nje wakatazame kama mvua imekatika. Walitoka bila kuuliza, ingawa mvua ilisikika wazi juu ya bati.

Winfried aliushika mguu kwa mikono miwili, akaushusha chini. Alitoka, akaenda mezani, akaichukua klachi nyepesi. Aliishikilia kidogo, kisha akairudisha kwenye boksi lake na kukunja karatasi yake vizuri, pembe kwa pembe.

"Tufungie ile laini," alisema kwa sauti ya kuwafikia walio nje. "Gerlinde ana goti bovu."

Gerlinde, ambaye Pasaka hupanda ngazi za kanisa akiwaacha wasichana nyuma, aliweka mkono gotini.

"Linanisumbua kweli," akasema. "Hasa mvua ikinyesha."

"Pole, shemeji," akasema Heribert, na akageuka kutafuta spana ambayo tayari alikuwa ameishika.

Gari lilipokuwa tayari, Winfried alilizunguka hadi mlango wa kulia, wa abiria. Ilimchukua muda kupata mkanda, kwa kuwa upande ule hakuwahi kuutafuta. Gerlinde alisogeza kiti mbele, akawasha injini. Kwenye njia panda, kushoto ni Ring na kulia ni nyumbani. Akashika kulia, gari likaanza kupanda mlima taratibu bila kutikisika.

"Umeiachia vizuri sana," Winfried alimwambia.

Gerlinde alikaza macho mbele. Angefungua kinywa, machozi yangemfichia barabara.