Mbao za Mtumbwi wa Baba Mkwe

Mwanahamisi hakuwahi kudai chochote katika ukoo wa marehemu mumewe, Ramazani. Ndiyo maana siku alipotokea ufukweni, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, hakuna aliyeshtuka mapema.

Ni mkulima wa vitunguu, pembeni mwa mji wa Baraka, kando ya ziwa. Katika bustani yake kuna kibanda cha udongo chenye paa la bati, na humo hulaza vitunguu vya mbegu, vile ambavyo haviuzwi hata mtu akivililia. Mwaka uliopita shemeji yake Iddy, mdogo wa Ramazani na fundi seremala, alimtengenezea rafu za kuvilaza.

"Mvule mutupu, shemeji," alimwambia.

Kumbe ulikuwa mkaratusi mbichi, aliousugua kwa mafuta machafu ya injini mpaka ukapata rangi ya mvule. Mchwa hawakudanganyika. Mvua hazijaisha, rafu zikaanguka, vitunguu vikaozea kwenye tope la sakafu. Msimu ule shamba lake liliota majani tu.

Alipokwenda kulalamika, Iddy alimjibu mbele ya wateja wake: "Ubao haina kosa, shemeji. Labda we mwenyewe ulipanda juu yake. Na ile uzito yako!"

Watu walicheka. Mwanahamisi naye alicheka, kwa sababu kati ya shemeji na shemeji utani ni haki, na anayetaniwa mbele za watu akinuna, yeye ndiye amekosa adabu. Alifika nyumbani akiwa bado na tabasamu usoni. Kicheko kile alikaa nacho mwaka mzima kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa mvua zilikuwa zinakaribia tena. Mbegu aliyoomba kwa dada yake wa Nundu ilikuwa imelala juu ya gunia, sakafuni, na ikioza hii, hakuna wa kumpa nyingine. Akazunguka kutafuta vifaa. Mianzi ilikuwa ya bei nafuu, lakini alipougonga mmoja, unga wa wadudu ulimwagika kiganjani. Vyuma alivitazama dukani kama mtu anavyotazama gari la mwenzake. Mkaratusi hakutaka hata kuusikia. Matofali ya kuchoma aliyapata bure kwa jirani aliyemaliza kujenga. Hayo yangesimama kama nguzo, mchwa wayatafune wakitaka. Zikabaki mbao.

Ndipo akasikia kwamba mtumbwi wa baba mkwe unavunjwa. Ulikuwa mtumbwi mkubwa, wa mvule wa kweli, uliokunywa mafuta ya mawese miaka na miaka. Katika ukoo ule, mtumbwi ukifa, mbao hugawiwa watoto, mkubwa huchagua kwanza, na kwa niaba ya aliyekufa huchagua mjane wake. Ramazani ndiye aliyekuwa mkubwa. Na nusu ya Baraka ilijua kwamba Iddy ameanza kuunda mtumbwi wake, na kwamba anangoja mbao mbili ndefu za chini, zisizo na kiungo hata kimoja. Mbao ndefu namna ile hazionekani tena sokoni.

Siku ile ufukweni, aliyegawa ni Assumani, baba mdogo wa Iddy. Lakini Iddy mwenyewe ndiye aliyefungua njia, akiwachekesha wavuvi.

"Baba mudogo, tuheshimu desturi! Mukubwa njo anaanza. Shemeji, kuya uchague kuni ya kupikia sombe!"

"Aksanti, shemeji."

Akavipita vipande vya ubavuni. Akazipita mbao za kukalia. Akaweka mguu juu ya zile mbili ndefu.

"Mi nabeba hizi."

Iddy alicheka peke yake. "Hizi apana. Hizi iko za mutumbwi."

"Na mi niko na etajere ya kujenga, ya kulalisha vitunguu."

"Shemeji, unafanya utani."

"Ndiyo, njo utani. Cheka basi, batu banakuangalia."

Iddy akamgeukia Assumani. Mzee akainua mabega. "Desturi, njo we mwenyewe uliiita."

Iddy akacheka. Meno yalionekana yote.

Mchana uleule Mwanahamisi alizifikisha mbao kwa mkokoteni mbele ya karakana ya Iddy, wateja wakiwa wamejaa.

"Nikatie, shemeji. Kibanda yangu iko mudogo. Vipande vifupi vifupi."

Iddy akamvuta kando. "Mwanahamisi, sikia," akanong'ona. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Nitakupa mbao ingine, mvule ya kweli, na etajere nitajenga mi mwenyewe, bure. Usiharibu hizi. Nakuomba."

Ahadi ilikuwa nzuri, na kwa kitambo kidogo aliziona rafu zile, zimepigwa randa, zinang'aa. Kisha akapaza sauti.

"Bamama, musikie! Shemeji anasema sasa iko na mvule ya kweli! Ile ya mwaka jana ilikuwa ya nini?"

Mama mmoja aliyekuja kuchukua mlango wake aliinama, akaanza kuukwaruza kwa ukucha.

Wateja wote wakimtazama, Iddy akashika msumeno. Mvule mkavu ulipiga kelele. Mwanahamisi alisimama karibu kabisa, unga wa mbao ukimwangukia miguuni, na kila kipande kilipodondoka alisema, "Ingine." Mwishoni kikabaki kipande kirefu kuliko vyote, na Iddy, jasho likimtiririka, akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kubaki nacho hicho kimoja tu, ukumbusho wa baba.

Mwanahamisi akakitazama kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayefikiri.

"Kata," akasema.